UZI: Kuvunjika kwa mfupa wa tundu la jicho. Lile jicho jeusi linatisha, lakini mara nyingi silo la kukimbiza kwanza

Tabibu_wa_Zamu:

Wakuu, salaam.

Tangu Victor Osimhen aanze kucheza na ile barakoa, kila kijiwe kina maelezo yake. Wapo wanaosema mtindo, wapo wanaosema hirizi. Ukweli ni huu: tarehe 21 Novemba 2021, Napoli wakiwa San Siro dhidi ya Inter, aligongana vichwa na beki Milan Škriniar. Mifupa ya shavu na ya tundu la jicho la kushoto ikavunjika sehemu kadhaa na kuhama mahali pake. Akapasuliwa, Januari 2022 akarudi uwanjani, na barakoa ikaendelea kukaa usoni hadi Napoli wanabeba ubingwa 2023 na hadi AFCON ya Ivory Coast mwanzoni mwa 2024.

Mimi nafanya zamu za dharura hospitali ya mkoa (msiniulize ipi). Kwetu wachezaji ni wachache. Wanaoletwa ni abiria wa bodaboda, vijana waliotoka kupigana baa, akina mama waliopigwa na waume zao wakasema wameanguka bafuni, na watoto waliopigwa kiwiko kwenye chandimu. Nataka tuzungumze hili jeraha vizuri, kwa sababu watu wanalipima kwa ukubwa wa uvimbe, na uvimbe ni shahidi mbaya.

Tundu la jicho limejengwa kwa mifupa saba. Kwa mtu mzima lina ujazo wa kama mililita 30, na jicho lenyewe linachukua kama 7 tu. Kinachobaki ni mafuta, misuli inayozungusha jicho, mishipa ya damu na neva. Ukingo wa nje, ule unaoushika kwa kidole, ni imara. Ndani mambo ni tofauti: sakafu ina sehemu zenye unene wa kama nusu milimita, na ukuta wa upande wa pua ni mwembamba kuliko huo. Chini ya sakafu kuna sinasi ya shavu, na nyuma ya ule ukuta kuna sinasi nyingine ndogondogo. Zote zimejaa hewa na zote zina njia ya kwenda puani. Hilo la hewa lishikeni, litarudi.

Sasa ngumi au mpira ukitua, sakafu inavunjikaje wakati haijaguswa? Kuna maelezo mawili na madaktari wamebishana miaka mingi. La kwanza: jicho linasukumwa nyuma, presha ndani ya tundu inapanda ghafla, na ukuta mwembamba unapasukia nje. Smith na Regan walilijaribu mwaka 1957 kwa kuweka mpira mgumu juu ya jicho la maiti na kuupiga kwa nyundo. La pili: pigo linatua kwenye ukingo, ukingo unapinda bila kuvunjika, na nguvu inasafiri hadi kwenye sakafu na kuikunja mpaka inakatika. Leo wengi wanakubali kwamba yote mawili hutokea, mara nyingi kwa pamoja.

Kwa mtazamo wangu sakafu hiyo ni kama fyuzi. Inakatika yenye bei nafuu, jicho linabaki. Ndiyo maana mtu anaweza kuvunjika sakafu nzima na bado anasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini.

Dalili zake. Damu kuvilia kwenye kope, jicho kufura, weupe wa jicho kuwa mwekundu kiasi kwamba huoni mwisho wa wekundu kwa nyuma, damu puani. Hizi kila mtu anaziona. Zinazosema ukweli zaidi ni zile za kuuliza:

Je, unaona kitu kimoja au viwili? Na ukifunika jicho moja, kile cha pili kinapotea? Kikipotea, maana yake macho mawili hayatazami sehemu moja. Msuli wa chini wa jicho, au mafuta yanayouzunguka, umenasa kwenye ufa wa sakafu, au umevimba tu. Anayenasa hawezi kupandisha jicho kutazama dari.

Je, shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na ufizi wa meno ya juu upande ule vina ganzi? Neva ya eneo hilo inapita ndani ya sakafu yenyewe. Ganzi hiyo ni dalili kubwa kuliko weusi wa kope.

Je, jicho limezama ndani? Siku za mwanzo huwezi kujua, uvimbe unaficha. Likizama zaidi ya milimita 2 hivi, hata jirani ataliona.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mifupa ya mtoto inapinda kabla ya kuvunjika. Anapopigwa, sakafu inafunguka, msuli unachungulia chini, halafu mfupa unarudi mahali pake na kuubana. Kwa nje hakuna kitu! Kope safi, jicho jeupe, hakuna uvimbe wa maana. Hata picha inaweza kuonyesha ufa mdogo usiotisha. Lakini mtoto anakataa kutazama juu, anaumwa akijaribu, anatapika, amelegea, na mapigo ya moyo yanashuka kila akiinua jicho. Kuvutwa kwa msuli kunapeleka taarifa kwenye ubongo kupitia neva ya trijemina (ile inayobeba hisia za uso), na ubongo unajibu kupitia neva ya vagasi kwa kupunguza mwendo wa moyo. Aschner na Dagnini walilieleza jambo hilo tangu 1908.

Mtoto huyo akifika kituoni anaonekana wa kupimwa malaria, au wa kulazwa kuangaliwa kichwa. Wakati huo msuli unakosa damu. Huyu anatakiwa chumba cha upasuaji ndani ya siku moja au mbili, wakati yule mtu mzima mwenye jicho lililofunga kama bondia anaweza kusubiri wiki nzima bila kupoteza chochote.

Karibuni kwa maswali.

Kipanga_Mbeya:

Asante mkuu, elimu nzuri. Ila hapo kwenye uvimbe, sisi tumekua tukikandwa maji ya moto yenye chumvi, wengine yai la kuchemsha linazungushwa juu ya kope. Na tukapona. Leo ni kosa?

Tabibu_wa_Zamu:

Mkuu Kipanga, mlipona kwa sababu kope nyingi nyeusi hupona zenyewe, ukande usikande. Siku mbili za kwanza ni baridi: barafu imefungwa kwenye kitambaa, dakika kumi au kumi na tano, unapumzika, unarudia. Joto linafungua mishipa na damu inavilia zaidi. Na usibonyeze. Yai linazungushwa kwa kubonyeza, na kama jicho lenyewe limepasuka, unakamua vilivyomo ndani.

Mboni ikiwa imevutika upande mmoja mfano wa tone la chozi badala ya kuwa duara, hapo hakuna barafu, hakuna dawa ya matone, hakuna kuosha. Funika kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwa plasta kwenye paji na shavu, kisha nenda.

Lala na mito miwili, kichwa kiwe juu. Na USIPENGE KAMASI. Si mafua, si damu, si chochote, kwa wiki kadhaa. Ile hewa niliyowaambia mwishikilie: ukipenga, inasukumwa kutoka sinasi kupitia kwenye ufa mpaka ndani ya tundu la jicho. Kope linafura ghafla mbele ya macho ya watu, ukigusa unasikia vitu vinachachatika chini ya ngozi. Wapo wanaokuja hospitali kwa sababu hiyo tu: pigo walilidharau, wakapenga, jicho likafunga. Chafya ikija, fungua mdomo itoke huko.

NdondiTupu:

Tabibu umenigusa kwenye fani yangu. Bondia Kell Brook alivunjwa tundu la jicho la kulia na Golovkin London, Septemba 2016, kona ikatupa taulo raundi ya tano. Mei 2017 akavunjwa la kushoto na Errol Spence pale Sheffield, raundi ya 11 akapiga goti mwenyewe. Mei 2021 Billy Joe Saunders hakutoka kwenye kiti baada ya raundi ya nane na Canelo. Watu mpaka leo wanawaita waoga. Mimi nasema bondia wa kweli anamaliza pambano. Au nakosea?

Tabibu_wa_Zamu:

Brook alisema baadaye kwamba alikuwa anamwona Golovkin zaidi ya mmoja. Wewe ukiwa na Golovkin wawili mbele yako, utakwepa ngumi ya yupi?

Hili si suala la uvumilivu. Maumivu mtu anayameza, kuona viwili humezi. Umbali unapotea, jab inakuja huioni. Zaidi ya hapo, kila ngumi inayofuata inasukuma tishu zaidi kwenye ufa, na damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho. Tundu halina pa kutanukia. Presha ikipanda, mshipa unaolisha jicho unabanwa, na baada ya kama saa moja na nusu mpaka mbili uoni unaweza usirudi tena. Dalili zake: jicho linatoka nje na kuwa gumu kama limejazwa upepo, maumivu makali yanayozidi, uoni unafifia, mboni haisinyai vizuri kwenye mwanga. Hapo daktari hasubiri picha. Anakata kano ya kona ya nje ya kope palepale ili presha ishuke. Ukiona mtu anapelekwa CT skani kwanza katika hali hiyo, kuna anayepoteza muda wa jicho la mwenzake.

Kwa hiyo mimi yule wa kona aliyetupa taulo nampa heshima zangu zote.

NdondiTupu:

Nimenyamaza 😂

CO_Kigoma:

Shikamoo dokta. Mimi ni afisa tabibu, kituo cha afya huku Kigoma. CT skani kwetu ni safari. Eksirei ipo siku zikipenda. Bila picha, nimjueje wa kumpa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani, na wa kumpandisha gari usiku huohuo?

Tabibu_wa_Zamu:

Marahaba. Hili ndilo swali la maana kuliko yote humu, nitachukua nafasi.

Anza na uoni, kila jicho peke yake, kabla kope halijafunga kabisa. Kama ubao huna, ahesabu vidole au asome gazeti, na uandike saa uliyopima. Ile karatasi ya kwanza ndiyo tutakayolinganisha nayo sisi huku. Kope limeshafunga? Lifungue taratibu kwa kushika ngozi juu ya mfupa wa paji na wa shavu, si kwa kukandamiza jicho. Ukishuku limepasuka, acha.

Tochi. Mulika jicho lisiloumia, kisha hamishia upande ulioumia, rudia. Mboni ya upande ulioumia ikitanuka badala ya kusinyaa unapohamishia mwanga, neva ya kuona ina shida. Damu ikiwa imetuama chini ndani ya jicho, mbele ya rangi ya mboni, nayo ni ya daktari wa macho.

Kidole. Afuate kidole chako juu, chini, kushoto, kulia na kwenye pembe, kichwa kikiwa kimetulia. Muulize wapi anaona viwili. Akitazama juu, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yakishuka au akajisikia kichefuchefu, umemaliza uchunguzi, andika rufaa. Kwa mtoto anayekataa kufungua jicho, mpe simu yenye katuni na uipandishe juu taratibu. Utajua tu kama jicho moja limebaki nyuma.

Kipande cha pamba. Mguse mashavu yote mawili na mdomo wa juu, aseme kama ni sawasawa.

Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa mfupa mzima, upande mzuri kwanza. Ukisikia ngazi au mkato, ukingo umevunjika. Mtazame kutokea juu ya kichwa chake: shavu limebonyea? Mwambie afungue mdomo. Asipoweza kufungua vizuri, mfupa wa shavu umeingia ndani na unazuia taya kusogea. Nafasi kati ya kona za ndani za macho ikiwa imetanuka (kawaida ya mtu mzima ni milimita 30 mpaka 35), mifupa ya mzizi wa pua nayo imeachia. Maji meupe yanayotiririka puani, au weusi kuzunguka macho yote mawili pigo likiwa moja, fikiria fuvu.

Kuna moja wengi hawalijui: kope limelegea, jicho haliendi upande wowote, mboni imetanuka, na paji lina ganzi. Ufa umefika nyuma kwenye mwanya ambamo neva zote za kuzungusha jicho zinapita. Uoni ukishuka juu ya hayo, imefika hadi neva ya kuona. Gari usiku huohuo.

Watoto wadogo chini ya miaka saba hivi huvunjika zaidi paa kuliko sakafu, kwa sababu sinasi ya paji haijakua. Paa la jicho ndilo sakafu ya ubongo, kwa hiyo hao nao waende.

Wa kubaki nyumbani ni yule anayeona vizuri, jicho linazunguka kote, haoni viwili, moyo uko sawa, ukingo hauna mkato. Ganzi ya shavu peke yake si ya usiku wa manane. Mpe siku ya kurudi baada ya wiki hivi, na umwambie afike haraka uoni ukibadilika.

Eksirei ya uso inaweza kuonyesha sinasi ya shavu imejaa damu, au kitu kinachoning'inia kutoka kwenye paa lake. Hayo ni mafuta ya tundu la jicho yameshukia huko. Ikionekana imesaidia. Isipoonekana usiamini kwamba mgonjwa hana ufa, amini vidole vyako na tochi.

CO_Kigoma:

Nimeichapa hii nikaibandika chumba cha kufungia vidonda. Mungu akuzidishie.

Kasai_Lushi:

Nawasoma kutoka Lubumbashi. Mbona hamjamtaja ndugu yetu Chancel Mbemba? Son Heung-min, mshambuliaji wa Korea Kusini, alikutana na bega lake Marseille, tarehe 1 Novemba 2022, akavunjika sehemu nne kuzunguka jicho la kushoto. Tarehe 24 mwezi huohuo yuko Qatar anacheza na Uruguay, kavaa barakoa nyeusi. Sasa tabibu, wiki tatu mfupa umeshapona?

Tabibu_wa_Zamu:

Haujapona, kaka. Katika wiki tatu mfupa wa uso umeanza kushikana, haujawa wa kupokea kiwiko. Barakoa inatengenezwa kwa kipimo cha uso wake na inapeleka pigo kwenye paji na kwenye sehemu ya shavu iliyo nzima. Alikubali hatari kwa ajili ya Kombe la Dunia. De Bruyne naye alivunjika pua na tundu la jicho la kushoto kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Mei 2021 alipogongana na Rüdiger, na katikati ya Juni alikuwa anaifungia Ubelgiji dhidi ya Denmark bila barakoa. Ufa wake haukuwa wa aina ya Osimhen. Msipime mgonjwa wenu kwa hawa. Wao wana daktari pembeni ya uwanja na picha mpya kila wakihitaji.

MamaPili:

Habari zenu. Mdogo wangu alidondoka kwenye bodaboda bila kofia. Hospitali walimshona nyusi, akaruhusiwa. Sasa ni miezi imepita, uvimbe umeisha, lakini jicho limekuwa dogo kama limeingia ndani, na anasema akishuka ngazi anaona ngazi mbili. Shavu bado lina ganzi. Tumeambiwa tumechelewa, ni kweli?

Tabibu_wa_Zamu:

Pole sana dada, mpe pole na mdogo wako.

Mmechelewa ile njia rahisi, hamjachelewa kutibiwa. Kwa mtu mzima tunapenda kurekebisha ndani ya wiki mbili hivi, uvimbe ukishapungua na kabla makovu hayajashika. Wanaofanyiwa ni wale wanaoendelea kuona viwili wakitazama mbele au chini, jicho lililozama zaidi ya milimita 2, au ufa uliokula zaidi ya nusu ya sakafu. Wengine wengi hawahitaji kisu kabisa. Kuona viwili kwa kutazama juu tu, mtu anaweza kuishi nako, labda awe fundi dari. Kutazama chini ndiko kusoma, kula na kushuka ngazi, kwa hiyo la mdogo wako ni la kushughulikiwa.

Baada ya miezi kazi ni ngumu zaidi. Mafuta yamejishika kwenye makovu, tundu limekuwa kubwa kuliko jicho lake, ndiyo maana limezama. Lakini hufanyika. Wanaingilia ndani ya kope la chini ili kovu lisionekane, wanatoa kilichonasa, wanatandika sakafu mpya ya wavu wa titani, plastiki maalumu yenye vitundu, au kipande cha mfupa wake mwenyewe kutoka fuvuni au nyongani. Kuona viwili kukibaki, daktari wa macho anaweza kurekebisha misuli baadaye au kumpa miwani ya prizimu.

Ganzi mara nyingi hupungua yenyewe, na huchukua miezi. Akianza kuhisi kama sisimizi wanatembea shavuni, ni habari njema.

Mwende hospitali ya rufaa ya kanda yenye daktari wa macho na daktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, wote wawili wamwone. Mwombe CT skani yenye vipande vyembamba, iliyokatwa kwa kutazama uso kutoka mbele. Kuna CT za kichwa zinaangalia ubongo na kupita jicho kwa haraka. Huenda ile ya siku ya ajali ilikuwa hiyo.

MamaPili:

Ni kweli walipiga ya kichwa tu, wakasema ubongo uko salama. Asante dokta.

Njoro254:

Sasa hapa Kenya ukipigwa unaambiwa uanze na fomu ya P3 polisi. Nyinyi huko ni vipi? Maana hizo saa mbili za damu nyuma ya jicho zinaweza kuishia kwenye foleni ya kituo.

SistaWadi6:

Huku ni PF3. Mimi muuguzi, nakwambia hivi: jicho likitoka nje au uoni ukishuka, njoo moja kwa moja, ndugu mmoja aende polisi wakati mgonjwa anahudumiwa. Na nyie akina kaka mnaoleta wake zenu "walioanguka bafuni", tokeni nje ya chumba tunapomhudumia. Bafu halipigi jicho la kushoto peke yake mara tatu kwa mwaka.

Tabibu_wa_Zamu:

Sista kasema. Mtu anayetumia mkono wa kulia akirusha ngumi, anayemkabili anaumia zaidi upande wa kushoto. Tunaona, tunaandika.

Kipanga_Mbeya:

La mwisho mkuu. Shemeji yangu kavunjika hivyo Mwanza, ana ufa kwenye ukuta wa upande wa pua, hajapasuliwa. Ana tiketi ya ndege ya Dar Jumapili. Apande?

Tabibu_wa_Zamu:

Kama kuna hewa ndani ya tundu, itatanuka ndege ikipanda juu, kwa hiyo wengi wetu tunamwambia mgonjwa asubiri mpaka picha au daktari wake aseme imeisha. Kupiga mbizi na kupuliza vuvuzela navyo aache kwa sasa. Aombe tarehe ibadilishwe. Akiwa na haraka kuna basi. Halina shida ya presha ya hewa, shida zake ni nyingine na unazijua.